Binti Mkunga Asizuiwe Kwenda Mbali

Binti anapohitimu uuguzi na ukunga, wazazi hufurahi, kisha huingiwa na hofu: ajira ya kwanza itampeleka wapi? Wengi humtaka asubiri nafasi ya mjini.

Ndugu Waislamu, kwanza apate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kisha afuatilie matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, wala asizidharau hospitali za misheni, kama Litembo wilayani Mbinga na Liuli mwambaoni mwa Ziwa Nyasa. Akipangiwa chumba cha kujifungulia, aombe kusimamiwa na mkunga mzoefu. Mzazi anapotokwa damu usiku, elimu ya darasani pekee haitoshi.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 104 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Twapenda wake zetu wazalishwe na wanawake wenzao. Basi nani atakwenda Ruanda au Mbamba Bay, ikiwa kila mzazi amemzuia binti yake? Enzi za Mtume (S.A.W.), Bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alitoka kuuguza majeruhi. Nasi tumtafutie binti makazi ya heshima karibu na kituo, tumwombee dua, aende.