Mtutu Hauna Neno, Tazama Tangi

Mwaka 1986, katika jimbo la Delaware nchini Marekani, marafiki wachache walianza kushindana kurusha maboga. Mchezo ulikua hadi ukawa tamasha la kila mwaka, na kati ya mitambo yote iliyoletwa uwanjani, manati makubwa kwa madogo, hakuna uliofua dafu mbele ya mzinga wa hewa. Mizinga hiyo hutengenezwa na watu wa kawaida: wachomeleaji, wakulima, mafundi wa magari. Mingine ina mitutu mirefu kuliko basi, imebebwa juu ya matrela, na nyuma yake limelazwa tangi la chuma. Boga la kilo nne hivi linawekwa, hewa inaachiwa ghafla, na boga linapotea machoni. Mwaka 2010, huko Moab katika jimbo la Utah, mzinga mmoja wa aina hiyo ulirusha boga karibu mita 1,690.

Nimeanza na maboga kwa sababu maswali ninayoulizwa na vijana kuhusu mizinga na bunduki za hewa za kutengeneza nyumbani karibu yote yanahusu mtutu. Uwe mrefu kiasi gani? Mpana kiasi gani? Ni maswali mazuri, ila mtutu ndio sehemu isiyo na makuu katika chombo hiki. Uhai wa mtengenezaji uko nyuma, kwenye tangi.

Chombo chenyewe ni rahisi kukielewa. Kuna tangi linalotunza hewa iliyobanwa, kuna vali inayoizuia, na kuna mtutu wenye kitu cha kurushwa. Vali ikifunguka, hewa inatanuka na kukisukuma kile kitu mbele yake. Ujanja wote wa kurusha mbali uko kwenye kasi ya kufunguka kwa vali. Koki ya kuzungusha kwa mkono, kama ile ya bomba la maji, inafunguka polepole mno: kitu kinakuwa kimeshaanza safari kabla njia ya hewa haijawa wazi nusu, na nguvu nyingi inafika ikiwa imechelewa. Ndiyo maana wazoefu hutumia vali ya pistoni, ambayo ndani yake kipande kinachoziba njia kinashikiliwa na hewa yenyewe kutoka nyuma. Ukiachia ile hewa kidogo ya nyuma, kipande kinarudi kwa kishindo na njia inafunguka yote kwa wakati mmoja.

Kuna mpaka pia. Hewa haiwezi kukisukuma kitu kwa kasi yoyote unayotaka, kwa kuwa chembe zake zenyewe zina mwendo wake. Sauti husafiri hewani kwa mita 340 hivi kwa sekunde, na kadiri kitu kinavyoukaribia mwendo huo, hewa iliyo nyuma yake inapata shida kukifuata. Maabara zinazohitaji kasi kubwa zaidi hutumia gesi nyepesi kama heliamu au haidrojeni. Kwa mtengenezaji wa nyumbani mpaka huu ni habari njema: kuongeza presha bila kikomo hakumpi faida anayoitarajia, kunamwongezea hatari tu.

Sasa tuje kwenye hatari hiyo, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo. Chukua bomba la inchi nne, refu kidogo kuliko mita moja, lililozibwa pande zote mbili. Ndani yake zinaingia lita 10 hivi. Lijaze hewa hadi bar 7, presha ambayo kompresa ya kawaida ya gereji inaifikia bila taabu. Hewa hiyo ikiachiwa ghafla, hata ukitoa ile nguvu inayotumika kuisukuma hewa ya nje, inabaki na uwezo wa kufanya kazi ya zaidi ya jouli 5,000. Ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachiwa udondoke kutoka mita 10 juu.

Lijaze bomba lilelile maji matupu, bila hewa hata kidogo, kwa presha ileile ya bar 7. Nguvu iliyotunzwa ndani ya maji ni kama jouli 1. Moja tu. Sababu ni kwamba maji hayabanwi: ukiyasukuma hayajikunji, kwa hiyo hayana cha kurudisha. Bomba la maji likipasuka linapiga ufa, linarusha mchirizi, na presha inakwisha papo hapo. Bomba la hewa likipasuka, hewa inaendelea kutanuka na kuvisukuma vipande mpaka iishe hamu. Geji inasoma namba ileile katika hali zote mbili, na namba hiyo ndiyo inayowadanganya watu.

Udanganyifu huo unauma zaidi kwenye mabomba ya plastiki ya PVC, ambayo ndiyo malighafi inayopendwa na wengi. Ni rahisi kupatikana, yanakatwa kwa msumeno wa mkono, yanaungwa kwa gundi, na ubavuni yameandikwa PN 10, PN 16. Kijana anasoma 10, anaweka bar 7, anajiona ameacha nafasi ya kutosha. Lakini maandishi yale yanazungumzia maji, tena maji ya baridi. Kwa majedwali ya watengenezaji wa Marekani, PVC iliyopata joto la nyuzi 43 inabaki na nusu tu ya uwezo iliokuwa nao kwenye nyuzi 23, na ikifika nyuzi 60 haibaki hata robo. Bomba lililoachwa juani mchana wa Dodoma au Mombasa halichukui muda kuvuka nyuzi 43. Jua hilohilo, kwa miezi, linaifanya plastiki ikauke na kuwa dhaifu. Tena PVC haipasuki kwa adabu. Chuma laini huvimba au hufunguka kwenye kiungo. PVC huvunjika vipande vyenye ncha, vikaruka pande zote kwa mara moja. Mwaka 1988, OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa tahadhari dhidi ya kutumia mabomba hayo kusafirisha hewa iliyobanwa juu ya ardhi. Nasikitika kwamba miaka hii yote baadaye bado kuna watu wanayageuza kuwa matangi, wakayashika mikononi, sentimita chache kutoka usoni.

Tatizo la tangi ni kongwe. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya hewa iliyobuniwa na Bartolomeo Girardoni, fundi kutoka Tyrol. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha: risasi 20 hivi zilikaa kwenye mrija kando ya mtutu, na askari angeweza kuzifyatua moja baada ya nyingine bila moshi, wakati wenzake wenye baruti walikuwa bado wanashindilia ya pili. Hewa ilitunzwa kwenye kitako cha bunduki, ambacho kilikuwa chupa ya chuma yenye presha inayokaribia bar 55. Kuijaza kulihitaji kupiga pampu ya mkono mara 1,500 hivi. Mtutu ulikuwa bora, utaratibu wa kufyatulia ulikuwa bora. Zile chupa ndizo zilizokuwa ngumu kuzitengeneza: bati la chuma lililokunjwa, likapigwa ribiti na kuungwa kwa shaba, na kila mshono ukiwa mahali pa kuvuja. Hazikuvumilia vurugu za vitani, na mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi likaachana na bunduki hiyo.

Na chuma cha leo, chenye welding safi, si kinga kamili. Mwaka 2016, kwenye tamasha lilelile la maboga la Delaware, sehemu ya mzinga mkubwa wa hewa ilichomoka wakati wa kufyatua na kumjeruhi vibaya mwanamke aliyekuwa akifanya kazi na kikosi cha televisheni. Hakupigwa na boga. Alipigwa na chuma kilichotoka kwenye mtambo wenyewe, na alikuwa amesimama mahali ambapo mtutu haukuelekezwa.

Sisemi haya ili watu waache. Mzinga wa hewa ni chombo cha heshima katika uhandisi. Baada ya chombo cha anga Columbia kusambaratika tarehe 1 Februari 2003, wahandisi walibishana: je, kipande cha povu jepesi kilichobanduka kwenye tangi la mafuta kingeweza kweli kutoboa bawa? Wengi hawakuamini. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko San Antonio, Texas, walichukua kipande cha povu kisichofika kilo moja na kukifyatua kwa mzinga wa naitrojeni iliyobanwa, kwa kasi ya kilomita 850 hivi kwa saa, dhidi ya ukingo halisi wa bawa. Kilifungua tundu la upana wa sentimita 40 hivi. Ubishi ukaisha pale.

Kwa hiyo anayetaka kujenga, atafute tangi lililotengenezwa kwa ajili ya hewa, lenye kibandiko kinachoonyesha presha yake ya mwisho, na aweke vali ya usalama isiyo na koki ya kuizima. Tangi kuukuu lipimwe kwa maji, mara moja na nusu ya presha ya kazi, hewa yote ikiwa imetolewa kwanza. Likiwa na kasoro, lipasukie kwenye maji. Ushauri huu nawapa mafundi pancha pia. Kompresa nyingi za barabarani zimeunganishwa kwenye mitungi ya zamani, na hewa yetu yenye unyevunyevu huacha maji chini ya mtungi kila siku. Maji hayo yasipofunguliwa jioni, kutu inakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo rangi mpya ya nje haifiki.

Aulize polisi pia kabla ya kununua hata nati moja, maana nchi nyingi huihesabu bunduki ya hewa ndani ya sheria za silaha. Uingereza, kwa mfano, bunduki ndefu ya hewa inayotoa zaidi ya jouli 16 hivi inahitaji cheti kama silaha nyingine za moto.

Na walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi kanuni hii hawahitaji tangi kabisa. Chupa tupu ya soda ya lita mbili, mpira laini unaotoka kinywani mwake hadi kwenye kipande cha bomba jembamba lililosimamishwa wima, na roketi ya karatasi iliyovishwa juu yake. Mwanafunzi anaikanyaga chupa kwa nguvu, roketi inaruka juu kuliko paa la darasa, kisha anaipuliza chupa irudi umbo lake na mwingine anapanga foleni. Hakuna presha inayobaki imetunzwa popote.