Mlipuko wa sekunde mbili, na kwa nini hakuna atakayekutumia meseji kabla

Haya wadau, ile meseji imerudi tena. Mnaijua: zima simu usiku huu kuanzia saa sita na nusu, miale hatari kutoka anga za mbali itapita karibu na dunia, NASA wametangaza, watumie na wenzako. Ilianza enzi za SMS, siku hizi inapita WhatsApp. Huku kwetu Ipyana mama mmoja jirani aliitii, akazima simu mpaka kunakucha. Usiku huohuo mwanaye alikuwa kwenye basi la kutoka Dar, anampigia wee, aje kumpokea stendi ya Kyela. Kijana akalala kwenye benchi.

Sasa miale kutoka anga za mbali ipo kweli, hilo si uongo. Mikali kuliko yote inaitwa miale ya gamma, na kuna wakati inakuja kwa mkupuo: mmweko mmoja mkali, halafu kimya. Ila ukijua jinsi inavyonaswa utaona mwenyewe kwamba hakuna mtu anayeweza kukutangazia kabla haijafika.

Aliyewahi kukaa Matema jioni ya masika anajua hili. Unaona umeme unamulika juu ya milima ya Livingstone, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ngurumo inakufikia. Mwanga umewahi, sauti imechelewa, kwa hiyo mwanga unakuwa mjumbe wa ngurumo. Miale ya gamma yenyewe ni aina ya mwanga. Inakwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde na hakuna kitu kinachokwenda kasi kuliko hapo. Nani ataitangulia kuleta habari? Habari na tukio vinafika pamoja.

Na ikifika haikugusi wewe wala simu yako, maana inaishia huko juu kwenye hewa. Ndiyo sababu vifaa vya kuinasa vinawekwa kwenye setilaiti, juu ya hewa yenyewe.

Cha kuchekesha ni kwamba walioigundua walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti walisaini mkataba wa kuacha kujaribu mabomu ya nyuklia hewani na angani. Kusaini ni kusaini, kuaminiana ni jambo lingine. Marekani ikarusha setilaiti za Vela kuchungulia kama kuna anayelipua kwa siri, kwa kuwa bomu la nyuklia hutoa miale ya gamma. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mmweko usiofanana na bomu. Ikaja na mingine. Wakalinganisha muda ambao kila setilaiti iliuona mmweko, maana iliyo upande wa chanzo huona mapema kidogo, wakakuta hautoki duniani wala kwenye jua. Dunia nzima ikaja kuambiwa mwaka 1973.

Baadaye setilaiti ya Compton, iliyorushwa 1991, ilihesabu milipuko zaidi ya 2,700. Mwaka 1993 wataalamu wakaona imegawanyika makundi mawili. Kuna mirefu, inayozidi sekunde mbili. Na kuna mifupi, chini ya hapo, mingine haifiki hata nusu sekunde. Mirefu ikaja kujulikana kuwa ni kifo cha nyota kubwa sana. Mifupi ndiyo iliyowatesa watu, kwa sababu kabla hujageuza darubini, kitu kimeshakwisha!

Dawa yake ilikuwa kutafuta makaa. Moto ukizimika ghafla, makaa yanabaki na joto kwa muda, na hapo mlipuko ulipotokea hubaki mwanga hafifu wa eksirei. Lakini lazima ujue pa kuangalia, tena upesi, na miale ya gamma haikubali kukusanywa kwa kioo kama mwanga wa kawaida. Chukua tenga la embe uliinue juani: kivuli chake chini kina matundu, na jua likihama kivuli nacho kinahama. Ukikisoma vizuri kile kivuli utajua jua liko wapi bila kuinua macho. Setilaiti ya Swift, iliyorushwa 20 Novemba 2004, ilijengwa kwa akili hiyohiyo. Juu ina vipande vidogo vya risasi (hii ya madini, si ya bunduki) zaidi ya elfu hamsini, chini ina vihisi zaidi ya elfu thelathini. Kompyuta yake inasoma kivuli, inajua upande, halafu setilaiti inajigeuza yenyewe bila kungoja amri ya mtu.

Na hapa ndipo pwani yetu ya Waswahili inapoingia. Ngomeni, kaskazini ya mji wa Malindi kule Kenya, Waitaliano wana kituo cha anga tangu miaka ya 1960. Kwenye jukwaa la San Marco, lililosimama baharini, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kuchunguza eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Mimi nimemaliza sekondari bila kulisikia jambo hili hata siku moja.

Antena za hukohuko Malindi ndizo zilizopokea data za BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano iliyonasa makaa ya kwanza kabisa ya mlipuko wa gamma, tarehe 28 Februari 1997. Ule ulikuwa mrefu. Swift iliporushwa, Italia ikachangia antena hizo. Tahadhari ya papo kwa papo ilipita kwenye setilaiti nyingine za kupokezana, lakini mzigo wenyewe wa data ulishushwa Malindi.

Tarehe 9 Mei 2005 ikapatikana. Mlipuko wa kama sekunde 0.04, yaani hujapepesa hata jicho. Swift ikageuka, na baada ya dakika moja hivi ilikuwa inaangalia palepale. Ikaokota chembe 11 za mwanga wa eksirei. Kumi na moja tu jamani! Zilitosha kuonyesha ni karibu na galaksi ya nyota zilizozeeka, mahali ambapo nyota kubwa za kufa kishindo zilishakwisha zamani. Ndipo wazo la kwamba mifupi hutokana na nyota mbili za nyutroni zinazogongana likapata nguvu.

Ushahidi kamili ulikuja 17 Agosti 2017, saa 9:41 alasiri kwa saa zetu. Mitambo ya kupima mawimbi ya mvutano ilisikia nyota mbili za nyutroni zikizungukana mpaka zikagongana, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ya Fermi ikanasa mlipuko mfupi wa gamma. Swift wakati huo ilikuwa imezibwa na dunia, haikuona kitu, ndiyo maana jicho moja halitoshi. Mgongano ulikuwa kwenye galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 130. Darubini za duniani zilipoangalia mabaki yake, zikaona dalili za madini mazito yakitengenezwa, yale ya ukoo wa dhahabu.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaohangaika na mashimo kule Chunya, inawezekana kabisa sehemu ya mnachokichimba ilizaliwa kwenye kishindo cha namna hii, kabla hata jua letu halijakuwepo.

Kama umeme hautakatika, wiki ijayo naandika kuhusu ile Uhuru ya 1970. Mwenye swali aliweke hapo chini.