Kuni za Mlimani: Kupanda Si Kazi, Kazi ni Kushuka

Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya jambo linalogusa kila jiko: kuni, na hasa namna ya kuzishusha kutoka mlimani kwa trekta dogo lenye tela.

Hesabu ya kuni kila nyumba inaijua. Mzigo mmoja wa kichwani ni kilo 20 au 25, na wengine wanajikaza hadi 30. Anayebeba ni nani? Mara nyingi ni mama. Mama akiwa mgonjwa au ana kachanga mgongoni, basi ni binti, na siku hiyo shule imekufa. Njiani kuna nyoka, kuna ugomvi na wenyeji juu ya miti, na kuna watu wabaya wanaovizia wanawake. Kule Dadaab, Kenya, shirika la UNHCR lilianza kugawa kuni mwaka 1998 kwa sababu hiyo hiyo: wanawake walikuwa wanashambuliwa na kubakwa porini walikokwenda kuokota kuni.

Kwa hiyo kikundi kikichanga pesa na kukodi trekta dogo, watu wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Tela lenye kilo 500 limebeba mizigo 20 ya kilo 25. Ni akina mama 20 ambao siku hiyo hawakwenda porini. Ila furaha hiyo isitufumbe macho. Tela la kuni likikosewa kwenye mteremko linaua, tena haliui dereva peke yake.

Chukudu imetufundisha

Wale waliotoka Kivu ya Kaskazini wanaijua chukudu, ule mtambo wa mbao wa magurudumu mawili unaoshusha viazi, makaa na kuni hadi Goma. Muulize kijana wa chukudu kitu gani anachokiangalia kabla ya safari. Hatakuambia nguvu za miguu. Atakuonyesha kile kipande cha mpira wa tairi anachokikanyaga ili kubana gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo breki yake, na breki ndiyo uhai wake. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Trekta nalo ni hivyo hivyo: kilichopanda mlima lazima kishuke, na kinashuka kikiwa kimebeba.

Kwa nini tela linasukuma?

Matrekta madogo ni ya aina mbili. Kuna lile la magurudumu mawili linaloshikwa kwa mikono, ambalo wengi wanaliita pawatila. Halafu kuna lile dogo la magurudumu manne, dereva anakaa juu. Pawatila nyingi hazifiki hata kilo 500. Sasa tuseme tela tupu lina kilo 200 na kuni kilo 500, jumla kilo 700. Unaona? Mkia ni mzito kuliko ng'ombe mwenyewe.

Kwenye njia inayoshuka mita 1 kila mita 10, tela hilo linasukuma trekta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, sawa na mtu mzima. Njia ikishuka mita 1 kila mita 5, ni karibu kilo 140, yaani watu wawili wanakusukuma mgongoni bila kupumzika. Na spidi ikiongezeka mara mbili, nafasi unayohitaji ili breki ikusimamishe inakuwa mara nne. Ndiyo maana ukichelewa kidogo kufunga breki, umechelewa kabisa.

Pima mlima kabla ya kupakia

Kupima si kazi ya injinia. Tafuta mti ulionyooka wa mita 2 na chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye maji nusu. Laza mti kwenye njia kuelekea bondeni, chupa ilale juu yake. Inua ncha ya chini mpaka maji yalale sawa ndani ya chupa. Sasa pima nafasi kati ya ncha ile na ardhi. Ikiwa sentimita 20, ni ule mteremko wa moja kwa kumi. Ikiwa sentimita 40, ni moja kwa tano, na hapo mzigo ukatwe nusu. Kuni kilo 250 na tela kilo 200 zitakusukuma kwa karibu kilo 90, ambayo bado si mchezo. Ikizidi hapo, tela lisifike. Kuni zishushwe kwa mabega hadi mahali njia inapotulia, tela lingoje huko.

Pimeni sehemu iliyo mbaya kuliko zote. Njia ya kilomita mbili inaweza kuwa nzuri yote, halafu hatua 30 tu ndizo zinazoua.

Usilipie nauli ya kubeba maji

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Ukipakia kilo 500 za mikaratusi mibichi (wengine tunasema kalitusi), umelipia mafuta ya kusafirisha kilo 200 na zaidi za maji, na ukifika nyumbani zinatoa moshi tu, watoto wanakohoa. Afadhali kuni zikatwe, zipasuliwe na kupangwa huko huko juu, zisiguse udongo, zifunikwe upande wa juu na kuachwa wazi pembeni ili upepo upite. Wiki sita za kiangazi zinapunguza uzito mwingi. Zile za Juni zishushwe Agosti, kabla mvua hazijaanza.

Na hizo kuni zitoke mahali halali. Kwa sisi tulioko Uganda, iwe Nakivale, Rwamwanja au Kyangwali, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara, lakini haimpi mtu ruhusa ya kukata miti ya hifadhi wala ya jirani. Nunueni kwa mwenye shamba la miti, muandikiane karatasi mbele ya shahidi. Karatasi moja inazuia ugomvi wa mwaka mzima.

Kupakia na kushuka

Haya ndiyo dereva ayashike, na kikundi kiyajue ili kimsaidie kuyashika:

1. Kuni zikatwe urefu mmoja na zisizidi mbao za pembeni za tela. Magogo mazito yalale chini. Funga kamba mbili zinazovuka mzigo.

2. Uzito uegemee mbele ya ekseli kidogo. Ukijaza nyuma, mkia wa tela unashuka, mkono wake wa mbele unainuka, na magurudumu ya trekta yanakosa kushika ardhi.

3. Jaribu breki za tela mahali tambarare, likiwa limeshapakiwa. Tela lisilo na breki lisiende mlimani, hata mwenyewe aape vipi.

4. Gia ndogo iingizwe juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Usibadilishe gia katikati ya mteremko, usikanyage klachi, na usishuke na nyutro eti kuokoa mafuta. Injini ndiyo inayozuia tela; ukiiachia, hakuna tena anayelizuia.

5. Kwenye pawatila, tahadhari na zile klachi za kugeuzia zilizo kwenye mikono. Kwenye tambarare ukibana ya kushoto, mashine inaenda kushoto. Wakati wa kushuka, tela likiwa linasukuma, ukibana ya kushoto mashine inaweza kukimbilia kulia! Sababu ni kwamba gurudumu ulilobana limeachiwa na injini, kwa hiyo linazunguka kwa kasi kuliko mwenzake. Mteremkoni geuza polepole kwa kusukuma mikono ya mashine, klachi hizo uziache.

6. Kwa trekta la magurudumu manne, tela au gogo lifungwe kwenye kiungo cha chini tu. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, mbele inainuka na trekta linamlalia dereva kwa nyuma, haraka kuliko anavyoweza kuruka. Kile chuma cha kumkinga dereva kisifunguliwe eti kinashikwa na matawi, na mkanda ufungwe. Nchi ya Sweden ililazimisha matrekta mapya kuwa na kinga hiyo mwaka 1959, na vifo vya madereva waliopinduka vilipungua sana.

7. Shuka moja kwa moja, usikate mlima ubavuni. Mvua ikinyesha, ngojeni njia ikauke. Udongo mwekundu ukilowa ni kama sabuni.

8. Mkisimama, weka jiwe kubwa chini ya kila gurudumu la tela kabla mtu hajakaribia.

Watoto

Hapa tunawaomba wazazi kwa moyo wote. Watoto wetu wanapenda trekta, wanalikimbilia na kuning'inia nyuma ya tela, au wanapanda juu ya kuni kama kwenye kiti cha mfalme. Tela likiruka shimo moja tu, mtoto yuko chini ya gurudumu. Juu ya mzigo hapandi mtu, si mtoto, si mama aliyechoka, si mwenye kuni. Na mbele ya trekta linaloshuka hatembei mtu. Anayesaidia na mawe ya magurudumu atembee pembeni, upande wa juu wa mlima. Siku ya kushusha kuni, kikundi kiweke mtu mmoja chini ya njia, kazi yake ni kuzuia watoto tu. Huyo naye alipwe kama wengine.

Pesa ndiyo inayojaza tela

Mwisho, tuseme ukweli ambao watu hawapendi kuusema. Tela halijai kupita kiasi kwa sababu dereva ni mjinga. Linajaa kwa sababu ya namna tunavyolipa. Tukilipa kwa safari, kila mmoja anasema: "Jaza bwana, bado kuna nafasi, hiki kifungu changu kidogo tu!" Kila mmoja anaongeza kidogo, na dereva anaona haya kukataa, kwani ni jirani zake. Mlima hauna haya.

Basi kikundi kilipe kwa kilo au kwa kifungu, si kwa safari. Mkikosa mizani, pimeni vifungu vichache kwenye duka la mazao, mjue kifungu cha kikundi chenu kina kilo ngapi, kisha mhesabu vifungu. Hapo dereva hana hasara akienda safari mbili ndogo badala ya moja kubwa, na mwenye kuni hana faida ya kujaza. Andikeni kiwango kwa rangi ubavuni mwa tela, kwa mfano "VIFUNGU 20 MWISHO", na dereva apewe ruhusa ya kikundi kizima kukataa cha 21, hata kama ni cha mwenyekiti.

Mafuta ya safari ya pili yanauma, tunajua. Lakini trekta hili tulilitafuta ili mama asivunjike shingo na binti aende shule. Lisije likatuletea msiba mwingine.

Wasiojua kusoma wasomewe ukurasa huu. Wenye kikundi waubandike pale trekta linapolala, na dereva aupate kwa lugha anayoielewa. Mungu awalinde njiani.