Kutoka Cape Maclear hadi Khondowe: Njia ya Misheni kwa Miguu

Njia ya misheni ya Livingstonia inaanzia kwenye mchanga wa Cape Maclear, kusini mwa Ziwa Malawi, na kuishia Khondowe, juu ya mlima upande wa kaskazini wa ziwa hilohilo ambalo Watanzania wanaliita Nyasa. Katikati yake iko Bandawe, katika nchi ya Watonga. Misheni ilianza Cape Maclear mwaka 1875, ikahamia Bandawe mwaka 1881, na mwaka 1894 ikapanda Khondowe ambako ipo hadi leo. Umbali kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho ni takriban theluthi mbili ya urefu wa ziwa, kwa hiyo msafiri wa siku hizi huunganisha vituo kwa basi au matola, yaani magari ya mizigo yanayobeba abiria. Kutembea kwa miguu na mwongozaji hufanyika kwenye vituo vyenyewe, na sehemu inayosifika kuliko zote ni kupanda Gorode, barabara ya milimani itokayo Chitimba hadi Khondowe.

Matembezi haya si hija kwa maana ile ya Namugongo nchini Uganda, ambako kila tarehe 3 Juni umati wa Wakristo hukusanyika kuwakumbuka mashahidi waliouawa na Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887, wengine wakiwa wamefika kwa miguu kutoka nchi jirani. Misheni ya Livingstonia ilikuwa ya Wapresbiteri kutoka Uskoti, na Wapresbiteri hawaombi kwenye makaburi ya watakatifu wala hawana siku ya kwenda kuyazuru. Wanaokwenda huko huenda kwa sababu mbalimbali: vikundi vya kanisa, wanafunzi, watalii wanaofuata mandhari, na watu ambao babu zao walisomea pale. Hata hivyo mpangilio wa safari ni wa hija kamili. Kuna mahali pa kuanzia, makaburi ya kupitia, mlima wa kupanda na kanisa la kufikia.

David Livingstone alikuwa amefariki mwaka 1873, na Waskoti walitaka kumkumbuka kwa misheni itakayopewa jina lake. Msafara wao uliongozwa na Luteni Edward Young, mwanamaji wa Uingereza, na ndani yake alikuwemo daktari kijana aliyeitwa Robert Laws. Walikuja na meli ndogo ya mvuke, Ilala, iliyotengenezwa kwa vipande ili iweze kufunguliwa. Kwenye maporomoko ya mto Shire meli ilifunguliwa, mamia ya wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi juu ya maporomoko, kisha ikaunganishwa upya. Tarehe 12 Oktoba 1875 iliingia ziwani. Jina la Ilala halikupotea, kwani ndilo lililopewa meli ya abiria iliyoanza kazi katika ziwa hilo mwaka 1951. Majina ya wale wapagazi hayamo katika vitabu vingi, ingawa bila wao hapangekuwa na meli wala misheni.

Cape Maclear leo ni kijiji cha Chembe, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 kwa sababu ya samaki wake wa rangi. Watalii wengi huja kuogelea. Mwongozaji wa kijijini huwapeleka wanaotaka hadi kwenye makaburi ya wamisionari yaliyo chini ya kilima, matembezi mafupi kutoka ufukweni. Mmoja wa waliozikwa hapo, naye ndiye anayestahili kusimuliwa kwanza, ni Shadrach Mngunana, mwalimu Mxhosa kutoka chuo cha Lovedale, Afrika Kusini. Alifika mwaka 1876 pamoja na wenzake watatu wa Lovedale, akafundisha katika shule ya misheni, akafa kwa homa mwaka 1877. Daktari William Black alifariki mwaka huohuo. Malaria ilikuwa inaua, wakazi wa eneo lile walikuwa wachache, na baada ya zaidi ya miaka mitano misheni ilikuwa imembatiza mtu mmoja tu, Albert Namalambe, mwaka 1881. Wazungu walipohama, Namalambe ndiye aliyebaki akiendesha kazi. Kwa hiyo kanisa la Cape Maclear lilipoingia mikononi mwa Mwafrika, misheni ilikuwa bado haina hata miaka kumi.

Njia ya ziwa kuelekea kaskazini inapita Nkhotakota, na msomaji wa Kiswahili hana budi kusimama hapo, hata kama mwongozaji anapita haraka. Nkhotakota ilikuwa mji wa kina Jumbe, watawala wa biashara waliotoka pwani na kuweka makao yao hapo katikati ya karne ya 19. Kutoka bandari yao majahazi yalivuka ziwa yakiwa na pembe za ndovu na watumwa, kisha misafara ikaenda kwa miguu hadi Kilwa. Livingstone alifika eneo hilo mwaka 1861 na tena mwaka 1863, na mti ambao inasemwa alikutana na Jumbe chini yake bado huonyeshwa karibu na kanisa la Watakatifu Wote. Kanisa hilo ni la Waanglikana, waliofungua kituo Nkhotakota mwaka 1894. Hao ni watu wa misheni ileile iliyokimbia bonde la Shire baada ya askofu wake, Mackenzie, kufariki mwaka 1862, ikahamia Zanzibar na kujenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa na soko la watumwa. Uislamu wa Nkhotakota nao ungalipo. Lugha ya Kiswahili iliingia nchi hii kwa njia hiyo ya biashara kabla haijaingia kwa njia ya wakimbizi, na historia hiyo haipendezi yote.

Bandawe iko kusini ya Chintheche, kando ya ziwa. Kanisa la zamani la matofali bado limesimama, na makaburi yako upande wa ufukweni, kati yao ya wake na watoto wachanga wa wamisionari. Hapa Laws alikuta watu wengi waliotaka shule, lakini alikuta pia vita. Wangoni wa chifu M'Mbelwa waliokaa milimani walikuwa wakiwashambulia Watonga wa ziwani. Aliyekwenda kuishi na Wangoni ili kuwashawishi alikuwa William Koyi, mwenzake Mngunana kutoka Lovedale. Kwa kuwa Kixhosa na Kingoni ni lugha za jamaa moja, Koyi aliweza kuzungumza na wazee bila mkalimani, jambo ambalo hakuna Mskoti aliyeliweza. Alikaa Njuyu, katika nchi ya Wangoni, tangu 1882, akafa mwaka 1886, mwaka uleule ambao Wangoni walikubali shule zifunguliwe kwao. Waongozaji wengi humtaja Laws mara ishirini na Koyi mara moja. Msikilizaji anayejua hilo anaweza kuuliza.

Malaria iliwafuata hadi Bandawe. Mwaka 1894 Laws alipanda milima ya kaskazini pamoja na Uriah Chirwa, mmoja wa Waafrika waliofanya kazi naye, wakapiga kambi Khondowe. Mahali walipolala pamewekwa rundo la mawe. Hapo ndipo ilipojengwa Taasisi ya Overtoun, iliyokuwa na shule, karakana za useremala na uashi, kiwanda cha kuchapa vitabu, na baadaye hospitali ya David Gordon. Laws aliondoka mwaka 1927, akiwa ametumikia kwa zaidi ya miaka hamsini.

Kupanda huko ndiko kunakowavuta watembeaji. Chitimba ni kituo kidogo kwenye barabara kuu ya M1, ufukweni. Kutoka hapo Gorode inapanda kwa takriban kilomita 15, ikijikunja katika kona kali zipatazo 20, na mtembeaji anapofika juu amepanda karibu mita 900 kutoka usawa wa ziwa. Barabara ilichongwa kwa majembe na sururu. Wenyeji hawaifuati yote: wanakata kona kwa vijia vya mkato vyenye mwinuko kama ngazi, na ndiyo sababu kubwa ya kumchukua mwongozaji, kwa sababu vijia hivyo havina alama na vingine huishia kwenye mashamba ya mihogo. Kwa mtu mwenye pumzi za kawaida, kupanda huchukua saa nne au tano. Magari machache yenye uwezo hupita, yakiwa na abiria waliojazana nyuma pamoja na magunia.

Kabla ya kufika mjini, kiasi cha kilomita nne, maji ya Manchewe yanaanguka kutoka kwenye jabali lenye urefu wa mita 125 hivi. Nyuma ya maporomoko kuna mapango, na wenyeji husimulia kwamba watu walijificha humo wakati wa misafara ya watumwa. Kaskazini mwa hapo, Karonga, mfanyabiashara Mswahili wa watumwa aitwaye Mlozi alipigana na kampuni ya Waskoti kuanzia mwaka 1887, na mwaka 1895 Waingereza walimnyonga. Mtembeaji aliyesimama nyuma ya pazia la maji anaelewa kwa nini watu walichagua mahali pale: kelele za maji huzima sauti ya mtoto anayelia.

Khondowe yenyewe, ambayo watu wengi huiita Livingstonia, ni mji mdogo wa matofali mekundu na miti mirefu, wenye baridi isiyotarajiwa na mtu aliyetoka ziwani asubuhi. Nyumba ya mawe aliyoishi Laws ni jumba la makumbusho na pia hupokea wageni wa kulala. Kanisa lina dirisha la vioo vya rangi linalomwonyesha Livingstone akiwa na Susi na Chuma, na ziwa nyuma yao. Hao wawili ni miongoni mwa wale waliobeba maiti yake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ni nadra kwa kanisa la Wapresbiteri wa Uskoti kuwa na sura za Waafrika kwenye vioo vyake.

Waongozaji hawapiti bila kuonyesha maandishi ya mawe meupe yaliyopangwa ardhini: Waefeso 2:14. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wa harakati za uhuru. Mji ulikuwa umekatiwa mawasiliano, ndege ikatumwa kudondosha ujumbe, ikiwauliza wamisionari kama wanataka kuondolewa. Walijibu kwa kupanga mawe yanayotaja kifungu hicho, ambacho kinasema habari za amani na ukuta wa uadui uliobomolewa kati ya watu. Wakabaki.

Jibu hilo linaeleweka zaidi mtu akijua shule hii ilizaa akina nani. Clements Kadalie, aliyesomea kwenye misheni hii, alianzisha chama kikubwa cha wafanyakazi Waafrika huko Cape Town mwaka 1919. David Kaunda, baba yake Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, alitoka Khondowe kwenda kuhubiri Chinsali. Serikali ya kikoloni haikufurahishwa na elimu iliyotolewa pale, na ilikuwa na sababu.

Kwa wakazi wa Lilongwe na Dowa kuna tawi la njia hii lililo karibu zaidi. Mwaka 1889 Andrew Murray na Theunis Vlok wa Kanisa la Kidachi la Afrika Kusini, wakisaidiana na Livingstonia, walifungua kituo cha Mvera katika nchi ya chifu Chiwere, ambayo sasa ni wilaya ya Dowa. Makao makuu yalihamia baadaye Nkhoma, kusini mashariki ya Lilongwe, ambako kuna hospitali, kanisa kubwa na mlima unaopandwa na watembeaji wa mwisho wa juma. William Murray wa misheni hiyo aliongoza tafsiri ya Biblia ya Chichewa iliyochapishwa mwaka 1922. Mtu wa Lilongwe anaweza kwenda Nkhoma, kupanda mlima na mwongozaji wa kijijini, na kurudi jioni.

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka iko katika wilaya hiyohiyo ya Dowa, takriban kilomita 45 kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Rais Banda, na inahifadhi zaidi ya watu 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili kinasikika sokoni, na Jumapili makanisa mengi huimba kwa lugha hiyo. Waumini wake wamezungukwa na historia hii lakini si rahisi kwao kuifuata: sheria inawataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi. Kikundi cha kanisa kinachotaka kwenda Nkhoma au Livingstonia hulazimika kuomba kibali mapema.

Safari ya Khondowe kutoka Lilongwe huanza kwa basi hadi Mzuzu, takriban kilomita 350, kisha gari lingine hadi Chitimba. Miezi mizuri ni Mei hadi Oktoba. Kati ya Desemba na Machi mvua huifanya Gorode kuwa tope na vijia vya mkato kuwa hatari. Inafaa kuanza kupanda alfajiri, kubeba maji ya kutosha na sweta ya usiku, na kukubaliana malipo ya mwongozaji kabla ya hatua ya kwanza. Anayetaka kuona kanisa likiwa na watu, na si jengo tu, afike Jumamosi ili awepo ibadani Jumapili.