Mionzi Hospitalini: Tusiiogope, Tusiichezee

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2288) inatufundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu, nasi tumekabidhiwa tuzitunze kwa busara. Wajibu huo hauishii mlangoni pa chumba cha eksirei. Wapo miongoni mwetu wanaokimbia kipimo kwa hofu, na wapo wanaomshurutisha daktari awapige picha ili waridhike kwamba wametibiwa. Njia zote mbili zaweza kudhuru.

Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, hupenya mwili na kuonesha mfupa uliovunjika au pafu lililoshambuliwa na kifua kikuu. Hata hivyo, yaweza pia kujeruhi chembe hai. Picha moja ya kifua hutupa mionzi kidogo, karibu sawa na ile ya asili tunayoipata kwa siku chache kutoka ardhini na angani. CT-Scan ya tumbo yaweza kulingana na ile ya miaka kadhaa. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi ya eksirei inayobaki mwilini.

Ulinzi husimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, kila picha iwe na sababu ya kitabibu. Pili, mionzi iwe kidogo kadiri inavyotosha kupata picha inayofaa. Tatu ni kikomo: mfanyakazi asizidi wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida 1. Mgonjwa hakuwekewa kikomo, kwa kuwa kipimo kinachohitajika chaweza kumwokoa. Kinga yake ni nguzo mbili za kwanza. Ndiyo maana neno lake mwenyewe lina uzito.

Kwa hiyo tuulize kwa heshima kipimo kitasaidia nini, na tupeleke picha za awali zisirudiwe bure. Mama mjamzito, au anayedhani ni mjamzito, aseme mapema: pengine altrasaundi itatosha. Anayemshika mtoto wakati wa kupigwa picha avae aproni ya risasi; wengine wasubiri nje.

Mwisho, tusimtenge mgonjwa wa saratani. Anayetibiwa kwa mashine inayompiga mionzi kutoka nje ya mwili hawi chanzo cha mionzi. Aliyepewa dawa yenye mionzi afuate masharti ya hospitali kwa siku alizoelekezwa. Wengine wote tuwakumbatie, na tule nao meza moja.