Kuhesabu Viota vya Kasa Pekee Hakutoshi

Kila msimu wa kasa kutaga, swali ninalolisikia sana hapa Watamu ni hili: mwaka huu kuna viota vingapi? Ni swali zuri, lakini jibu lake linaweza kutupumbaza.

Kasa wa kawaida, yule ambaye viota vyake ndivyo vingi katika fuo zetu, huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa. Jike hurudi kutaga pande zile zile alikoanguliwa. Kwa hivyo viota vya leo vinatuambia jinsi kasa walivyosalimika zamani, si jinsi wanavyosalimika sasa. Tunaweza kushangilia viota vingi ufuoni, kumbe kasa wachanga wanaisha baharini.

Na wachanga hao wana safari ngumu. Kiota kimoja huwa na mayai 100 hivi, ambayo huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Inakadiriwa kwamba kati ya watoto 1,000, ni mmoja tu anayefikia utu uzima. Mchanga ukizidi joto, wengi huzaliwa majike. Taa za hoteli na nyumba nazo huwapoteza, kwani hufuata mwanga wakidhani ndiko bahari iliko.

Ndiyo maana naithamini hesabu ya pili, ile inayoanzia kwenye nyavu. Shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hushirikiana na wavuvi. Mvuvi akinasa kasa bila kukusudia, hupiga simu. Kasa hupimwa, hutiwa kibati chenye nambari kwenye pezi, kisha huachiliwa. Aliyeumia hupelekwa kutibiwa. Mvuvi hupewa fidia ndogo kwa muda wake na uharibifu wa nyavu. Kasa huyo akinaswa tena, nambari ile hueleza amekua kiasi gani na amekwenda wapi.

Bila mvuvi, habari hizo hatuzipati. Kuua kasa ni kosa kisheria, na ni sawa iwe hivyo. Lakini mvuvi aliyenasa kwa bahati mbaya akitendewa kama mhalifu, kesho hatapiga simu. Kasa ataliwa kimya kimya, na daftari litaonyesha kwamba mambo ni shwari.

Basi tuwape wavuvi heshima yao kama walinzi, nasi tulio na nyumba ufuoni tuzime taa zinazoelekea baharini.