Tingatinga: Picha zikifanana, bei hushuka

MKULIMA wa nyanya anaifahamu vizuri hali hii. Msimu ukifika kila mtu anavuna kwa wakati mmoja, matenga yanajaa sokoni, na mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Hali hiyo hiyo inawakabili wachoraji wa picha za wanyama, ndege na miti zinazojulikana kama Tingatinga. Picha ni nzuri na wateja wapo, lakini anayezichora mara nyingi huambulia kidogo.

Uchoraji huo ulianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru katika familia ya wakulima, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Hakusomea uchoraji darasani.

Mtaji wake ulikuwa mbao nyembamba za dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha nyingi za mwanzo zilikuwa za mraba, kama futi mbili kila upande. Ukipiga hesabu, ubao wa futi 4 kwa 8 unatoa vipande 8 vya ukubwa huo bila masalia.

Alichora mnyama au ndege mmoja mkubwa, akamzungushia majani au mti, na nyuma yake akapaka rangi moja. Wateja wake wengi walikuwa wageni waliofika kwenye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay.

Tingatinga alifariki mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 wachoraji wakaanzisha chama chao cha ushirika.

Baadaye walianza kutumia kitambaa badala ya ubao, kwa kuwa mtalii anaweza kukikunja na kukiweka kwenye begi. Aidha, mnyama mmoja akageuka kundi zima, na nyuma yake ukaja Mlima Kilimanjaro au mbuyu wakati wa machweo.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Picha ya twiga na mlima ikiuza, wiki inayofuata kila kibanda kinayo. Mteja akiona picha hiyo hiyo kwa jirani, ana kila sababu ya kushusha bei, na mchoraji anayetafuta nauli ya jioni anakubali.

Hesabu ya siku za kazi

Tuseme kitambaa, fremu, rangi na brashi vimegharimu Sh 12,000, na picha imechukua siku mbili. Mchoraji akiuza kwa Sh 25,000 anaona amepata faida ya Sh 13,000.

Hata hivyo, hiyo si faida bali ni ujira wa siku mbili, yaani Sh 6,500 kwa siku. Kama kibarua kingine kingemlipa Sh 10,000 kwa siku, amepoteza Sh 7,000. Nauli bado haijahesabiwa.

Sheria inasaidia, ingawa ina mipaka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro tangu unapokamilika, katika maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake.

Kinacholindwa ni mchoro wenyewe, si mtindo. Huwezi kumzuia jirani kuchora twiga kwa rangi ya baiskeli, lakini unaweza kumdai anayenakili picha yako.

Vilevile, kuuza picha si kuuza haki ya kuichapa kwenye fulana au kalenda. Mfanyabiashara akitaka kufanya hivyo, muandikiane mkataba na muweke malipo yake pembeni.

Dawa ya kudumu ni kuchora kisichopatikana kibanda cha jirani. Mchoraji aliyekulia shambani anajua mkorosho unavyoonekana ukiwa na mabibo, ngedere anavyoingia kwenye mahindi, na kanga wa porini anavyotembea na vifaranga wake. Ujuzi huo ni mtaji usionunuliwa dukani.

Kwa wenye maduka ya picha, hakikisheni kila kazi ina saini ya mchoraji. Andikeni nyuma ya picha jina lake, mwaka, na jina la mnyama au mmea uliochorwa. Picha yenye maelezo huwa rahisi kuitetea bei yake mbele ya mteja.

Ndugu msomaji, iwe unauza twiga wa kuchora au nyanya za shambani, andika gharama zako kabla ya kutaja bei. Wahenga walisema, biashara asubuhi, jioni mahesabu.